Naogopa usiku ule wa kwanza baada ya kisu

Shikamoo mama.

Mimi ni fundi cherehani, naishi Muheza na mume wangu pamoja na mama yake. Nina mtoto mmoja wa mwaka na miezi minane na sasa nina ujauzito wa miezi saba. Huyo wa kwanza nilimzaa kwa upasuaji baada ya kukaa na uchungu siku nzima, njia ikagoma kufunguka. Safari hii daktari wa kliniki amesema nisisubiri uchungu kwa sababu kovu bado changa. Nitapangiwa tarehe nipasuliwe tena. Hilo nimelikubali. Kisu sikiogopi, mama. Naogopa usiku wa baada ya kisu.

Nikueleze ulivyokuwa ule wa kwanza. Nilichomwa sindano ya mgongo, nikapasuliwa nikiwa macho, sikusikia kitu zaidi ya kuvutwavutwa. Mtoto akalia, nami nikalia kwa furaha. Saa kumi jioni nikarudishwa wodini, napiga soga na wenzangu wa vitanda vya jirani. Kufika saa moja usiku miguu ikaanza kupata uhai, na maumivu yakaja nayo. Sijui niyafananishe na nini. Kukohoa siwezi, kugeuka siwezi, nikivuta pumzi naona kama mshono unafumuka. Nikaita. Nikaambiwa sindano yangu ni saa nne. Saa nne ikapita. Nilipopiga kelele muuguzi akaja, akasema, "Kwani wewe ndiye wa kwanza kupasuliwa humu?" Wodi ikacheka. Nikachomwa pethidini, nikalala, nikaamka naumwa vilevile. Ikawa hivyo siku mbili. Mtoto naye alikuwa analala tu, hanyonyi, na mama mkwe anasema mimi ndiye sijui kumweka kifuani. Kisa cha kelele zangu bado anakisimulia wageni wakija.

Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Usiku wa pili waliponiletea mwanangu, nilimtazama nikaona sina haja naye. Nilitaka wamwondoe. Zilikuwa dakika chache tu, lakini mpaka leo nikimkumbatia huwa namwomba radhi kimoyomoyo.

Mwezi wa kumi na moja mteja mmoja alikuja nimshonee gauni la arobaini ya mtoto wake. Alipasuliwa kwenye hospitali ya binafsi Tanga mjini. Akaniambia kwamba kabla hajatoka thieta alichomwa sindano mbili za ganzi, moja kila upande wa tumbo, wakitumia altrasaundi kuona ndani, na jioni ile ile alikaa akanyonyesha. Nilidhani ananitia moyo. Nikapanda gari nikaenda kuuliza mwenyewe. Mtaalamu wao wa usingizi ni kijana mpole, akanieleza kuwa ni kweli, ni ganzi ya mishipa ya fahamu ya ukuta wa tumbo, na wanaifanya kwa wazazi wengi. Tatizo ni gharama. Kujifungulia pale kutakula karibu yote laki saba niliyoiweka kutokana na sare za shule na kikoba.

Na pesa hiyo tulikubaliana iwe ya bati. Chumba cha nyuma kinavuja, mtoto anazaliwa mwezi wa tatu, masika ndiyo yanaingia. Mume wangu si mtu mbaya. Anasema, "Ni siku mbili tu, kaza roho. Bati ni la miaka ishirini." Hesabu yake siwezi kuipinga.

Mama mkwe, ambaye ndiye atakayenikanda na kunihudumia uzazi, amezaa saba nyumbani bila hata panadoli. Ameniambia, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Ukiufuta uchungu, mwana utamjuaje?" Anasema pia kwamba sindano ya mgongo ndiyo iliyoniharibu kiuno, na kweli tangu nizae nikikaa cherehani saa mbili mgongo unaniuma. Sasa anauliza kama nataka kuongeza na za tumbo niwe kiwete kabisa. Nimejaribu kusoma kwenye simu: mmoja anasema sindano hizo ni mkombozi, mwingine anasema ni kupoteza pesa.

Mama, je, ni ubinafsi kutoa paa la mwanangu ninunue usiku mmoja wa nafuu? Nikikaza roho kama wanavyotaka, nikamtazama huyu wa pili kama nilivyomtazama wa kwanza, nitajisamehe vipi?

Fundi, Muheza

JIBU

Marahaba mwanangu. Kabla ya sindano na bati, nianze na yale maneno uliyoambiwa usiku ule. Nilifanya kazi wodi ya wazazi kwa miaka mingi kabla ya kukaa kujibu barua, na maneno kama hayo yamewahi kunitoka kinywani. Tulikuwa wauguzi wawili usiku, vitanda vingine vina wazazi wawili wawili, nami nilijiaminisha kwamba anayepiga kelele anadeka. Sijitetei. Nataka tu ulisikie hili kutoka kwa mtu aliyekuwa anasimama upande wa pili wa kitanda: maumivu yako yalikuwa ya kweli, na hayakupaswa kuachwa yafike pale. Kwa sehemu yangu, unisamehe.

Na zile dakika ulizomtazama mwanao. Mwili uliokatwa leo, haujalala, haugeuki, unahesabu kila pumzi, hauna mahali pa kumpokea mtu mwingine. Nimewaona akina mama wengi wakigeuza uso ukutani mtoto akiletwa, na wiki moja baadaye huwezi kumtoa mtoto huyo mikononi mwao. Wewe umebeba jambo hili mwaka na miezi minane bila kumwambia mtu. Mweleze muuguzi wako wa kliniki sasa hivi, kabla ya tarehe, ili ajue cha kuangalia. Ikiwa safari hii hisia hiyo itakuja na ikakaa zaidi ya wiki mbili, usingizi ukakataa hata mtoto akilala, ukajiona hufai, huo ni ugonjwa unaotibika na si alama ya mama mbaya.

Sasa niseme nilivyokuelewa. Unaona mbele yako milango miwili. Mmoja uko Tanga: kuna sindano, hakuna maumivu, lakini nyumba inavuja. Mwingine uko hapo karibu: paa ni zima, lakini usiku ule unajirudia kama ulivyokuwa. Umeulizwa uchague kati ya tumbo lako na kichwa cha mtoto wako kunyeshewa mvua, ndiyo maana neno ubinafsi limekujia. Ningependa tuigonge hiyo milango kwanza, maana sina hakika kama nyuma yake kuna kile unachokidhania.

Wewe ni fundi, utanielewa upesi. Ukuta wa tumbo ubavuni una nyama za tabaka tatu, kama koti lenye kitambaa cha nje, kitambaa cha katikati, na bitana. Mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya maumivu kutoka kwenye ngozi na nyama za tumbo hadi uti wa mgongo hupita kati ya kitambaa cha katikati na bitana. Mtaalamu anaweka kidude cha altrasaundi ubavuni, anaziona tabaka kwenye skrini, anapitisha sindano mpaka hapo katikati na kusukuma dawa ya ganzi, mara nyingi bupivakaini. Tabaka zinaachana kidogo, kama bitana iliyoingia upepo, na dawa inaenea na kuilowesha mishipa. Kisha anahamia upande wa pili. Thieta wanaiita TAP bloku. Si jambo la kale sana: ilielezwa mara ya kwanza mwaka 2001, wakati huo kwa kupapasa ubavu tu na kusikilizia sindano inavyopenya. Altrasaundi ilikuja baadaye kidogo.

Kazi yake ni nzuri, lakini ina mpaka. Ganzi hiyo inanyamazisha ukuta. Haifiki kwenye kilichomo ndani ya ukuta. Mji wa mimba unapojikaza na kurudi, yale maumivu ambayo bibi zetu huyaita chango, utayasikia kama kawaida, hasa mtoto akinyonya, na kwa mtoto wa pili huwa makali kuliko kwa wa kwanza. Halafu ganzi inaisha. Dozi moja hufanya kazi kwa muda wa saa 6 hadi 12 hivi, kwa wengine zaidi kidogo, wakati maumivu makubwa ya upasuaji hudumu siku ya kwanza na ya pili. Kwa hiyo hata huko Tanga kuna saa ambayo ganzi itaondoka, na huenda ikawa saa nane za usiku. Mteja wako alikusimulia jioni yake. Alikusimulia na alfajiri? Nenda kamuulize alipewa nini baada ya hapo, maana nashuku kwamba raha yake ilitokana na sindano zile pamoja na vitu vingine ambavyo hakuona haja ya kuvitaja.

Wale wawili uliowasoma kwenye simu huenda wote wanasema kweli, ila kila mmoja anamzungumzia mzazi tofauti. Kuna hospitali ambako ndani ya sindano ile ile ya mgongo huongezwa mofini, dawa kali ya kutuliza maumivu, tena kidogo sana, kama sehemu moja ya kumi ya miligramu. Mofini hiyo hutuliza ukuta na tumbo la ndani pia, mpaka karibu siku nzima. Mzazi aliyewekewa hiyo, ukimwongezea bloku, nafuu inayozidi ni ndogo. Ambaye hakuwekewa, bloku humsaidia sana saa zile za mwanzo. Kwa jinsi ulivyoniandikia, miguu iliporudi maumivu yakaja nayo palepale, naona dalili kwamba sindano yako haikuwa na mofini. Ilikuwa ya ganzi peke yake, na hiyo hudumu saa mbili mpaka nne tu. Mofini ya mgongoni nayo ina yake: mwili kuwasha, kichefuchefu, na mara chache sana pumzi kupungua, kwa hiyo lazima awepo mtu wa kukuangalia unavyopumua usiku. Tena iwe ile isiyo na kihifadhi, yaani isiyochanganywa na kemikali ya kuizuia isiharibike, ambayo si kila hospitali inayo.

Kuhusu mtoto kulala bila kunyonya, siwezi kuapa, sikuwepo. Lakini pethidini ikirudiwarudiwa huingia kwenye maziwa ya mama na inajulikana kuwapa watoto wachanga usingizi na kuwafanya wasinyonye vizuri. Kabla hujaamini tena kwamba hukujua kumweka kifuani, liweke hilo mezani. Safari hii waulize watakupa nini. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuwa tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, nayo isitumiwe na mama anayenyonyesha. Parasetamoli na diklofenaki huhesabiwa kuwa salama kwa mtoto anayenyonya.

Tugeukie sasa mlango wa pili, ule ulioufunga mapema. Barua yako haisemi kama umewahi kuwauliza hao wa hospitali ya karibu. Ulikwenda hadi Tanga kuuliza, lakini hapa ulipoumizwa hukurudi kuuliza, na nakuelewa kabisa kwa nini. Hata hivyo, mtaalamu wa usingizi wa hapo huenda anaijua bloku, na mashine ya altrasaundi ya kliniki ya wajawazito huenda ikatosha kwa kazi hiyo. Kama hawezi, kuna njia ya zamani ambayo haihitaji mashine yoyote: daktari anayekupasua anaweza kuchoma ganzi kwenye kingo za kidonda wakati anashona. Inatuliza kwa saa chache. Na jambo ambalo nililiona likibadilisha wodi kuliko yote ni dawa za kawaida kutolewa kwa saa, mzazi akiwa analia au akiwa anacheka: parasetamoli gramu moja kila baada ya saa 6, na diklofenaki ikiwa huna vidonda vya tumbo, figo ziko sawa na hukutokwa na damu nyingi. Zinaanza kutolewa kabla ganzi ya mgongo haijaisha. Ukisubiri maumivu yapande ndipo uombe, unakuwa unayakimbiza kutoka nyuma, na wewe unaijua mbio hiyo ilivyo.

Hofu yako, hata hivyo, si ya bure. Unaweza kuahidiwa mchana na muuguzi mwingine akaingia zamu usiku, au ukaambiwa dawa zimeisha. Uliza mapema kama kuna dawa unazotakiwa kununua uende nazo, na mwombe daktari aandike kwenye faili lako saa za kutolewa kwake. Kilichoandikwa hukumbukwa hata zamu ikibadilika. Nawe uwe na mtu pembeni anayejua kusoma saa na kusema kwa heshima.

Bloku yenyewe nayo isichukuliwe kama kuchoma chanjo. Dawa ya ganzi ikizidi, au ikiingia kwenye mshipa wa damu, ni sumu. Wengi hufuata kikomo cha miligramu 2 za bupivakaini kwa kila kilo ya uzito. Mwanamke wa kilo 60 asivuke miligramu 120, na hesabu hiyo inajumlisha ganzi yoyote iliyochomwa kwenye kidonda. Kwa hiyo waulize kama wamekupima uzito. Dalili za kuzidi ni midomo kufa ganzi, ladha ya chuma mdomoni, masikio kuvuma, kizunguzungu, kisha degedege, na moyo unaweza kusimama. Ukisikia hata ile ya kwanza, sema papo hapo. Kuna dawa ya mafuta ya kutundikwa kwenye dripu inayotumika kuokoa mtu aliyepatwa na hali hiyo. Hospitali inayochoma bloku kila wiki inapaswa kukujibu bila kusita ikiwa wanayo. Mara chache sindano huenda ndani kuliko ilivyokusudiwa, au dawa hutambaa hadi pajani mguu ukalegea kwa saa kadhaa, hivyo usishuke kitandani peke yako mara ya kwanza. Mambo haya hutokea kwa nadra mikononi mwa mzoefu. Nakutajia ili uyalipie ukiyajua.

Na maji ya moto, nakuomba sana. Ngozi iliyokufa ganzi haijui moto. Mama mkwe akija na kitambaa chake kwa mapenzi yote, unaweza kuungua tumbo usisikie mpaka malengelenge yatoke. Na hata ganzi ikiisha, kidonda cha upasuaji hakikandwi.

Tanga ina hatari moja ambayo hukuiandika. Uchungu hausomi kalenda. Ukikushika wiki mbili kabla ya tarehe, usiku, mvua inanyesha, na kovu lenyewe changa, usianze safari ya kufuata hospitali uliyoilipia. Unakwenda ya karibu inayoweza kupasua, wakati huo huo. Kwa hiyo hata ukiichagua Tanga, jiandae kama mtu ambaye anaweza kuishia hapo Muheza. Hiyo ni sababu nyingine ya kwenda kuzungumza nao.

Mgongo wako. Mama mkwe hakusema uongo kwamba unauma, ila sindano inasingiziwa mengi. Akina mama waliochomwa na wasiochomwa wamelinganishwa, na maumivu ya mgongo ya muda mrefu yanafanana pande zote mbili. Pale ilipopita sindano panaweza kuuma siku kadhaa. Baada ya hapo nawatazama washukiwa wengine: mimba iliyolegeza viungo, mtoto wa kubeba, na kile kiti cha cherehani ambacho huenda hakina egemeo. Madhara ya kweli ya sindano ile ni kichwa. Daktari August Bier wa Ujerumani, aliyeanza kuitumia kwa upasuaji mwaka 1898, alijaribiwa yeye mwenyewe kisha akaumwa kichwa siku kadhaa. Ukiumwa kichwa kinachozidi ukikaa na kupoa ukilala, usiambiwe ni uchovu. Kina tiba yake.

Mama mkwe mwenyewe nimemfikiria kuliko ulivyotarajia. Mwanamke aliyezaa saba bila hata panadoli aliumia mara saba, na sidhani kama kuna aliyemuuliza ilikuwaje. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wewe hujalala kitanda chake kama yeye asivyolala chako. Huenda anapokwambia vumilia anakupa kitu pekee alichopewa yeye. Siku moja mkichambua mchele, muombe akusimulie uzazi wake wa kwanza, umsikilize mpaka mwisho bila kujibu hoja. Sikuahidi kwamba atabadilika. Lakini jambo la kusimulia kelele zako kwa wageni linaweza kuombwa likome, na mwenye kuliomba ni mwanawe.

Tukija kwake huyo mwanawe: anaposema siku mbili tu, anahesabu siku. Sijui kama amewahi kuelezwa kilichomo ndani yake. Mzazi asiyeweza kukohoa wala kuinuka hukaa katika hatari ya kifua kujaa na damu kuganda miguuni, maziwa huchelewa kushuka, na fundi hukaa mbali na cherehani muda mrefu zaidi, na hiyo nayo ni pesa. Mimi umeniandikia kurasa nzima. Yeye umemwambia nini? Kama anachojua ni kwamba mkewe anaogopa maumivu, basi anashindanisha bati na woga, na bati litashinda. Sehemu ile ya mtoto si lazima umwambie. Lakini usiku, maumivu, kicheko cha wodi, hayo anaweza kuyabeba pamoja nawe.

Sina haki ya kukwambia upeleke wapi laki zako saba. Naona kwamba hazijagawanywa hata kwenye mazungumzo. Chumba cha nyuma peke yake kinahitaji bati ngapi? Mtoto anaweza kulala chumba chenu masika haya? Hospitali ya Tanga ikikutajia bei, imehesabu na dawa za siku ya pili, au ni thieta na kitanda tu? Na ikiwa ya karibu itakubali kukuandikia dawa kwa saa na ganzi ya kidonda, moyo wako utatulia pale, au mahali penyewe tu panatosha kukurudisha kwenye ule usiku? Swali hili la mwisho hakuna anayeweza kulijibu ila wewe, na jibu lolote utakalopata lina uzito kama bati.

Kadi yako ya kliniki ina nafasi tupu nyuma. Andika hapo: sindano ya mgongo itakuwa na mofini au la, nani anachoma bloku na amechoma wengi kiasi gani, ganzi ikiisha nitapewa nini, saa ngapi, na nani. Uipeleke hospitali zote mbili, usome maneno yale yale, usikilize wanavyojibu. Nendeni wawili. Mumeo aulize habari ya bei, wewe uulize habari ya usiku, na akae hapo akisikia unavyouliza.